Matope ya Flanders: maji yalikosa pa kwenda

Ukitazama picha za mwaka 1917 za Passchendaele, uwanja wa mapigano wa Vita vya Kwanza vya Dunia huko Flanders, ni rahisi kuilaumu mvua peke yake. Mvua ilinyesha kweli, Agosti hasa, lakini shida ilianzia ardhini. Flanders, magharibi mwa Ubelgiji, ni tambarare ya udongo wa mfinyanzi, na maji hayako mbali chini. Wakulima wa huko walilima kwa sababu ya mifereji tu. Kabla ya shambulio la Julai 31, mizinga ya Waingereza ilifyatua makombora zaidi ya milioni 4. Mifereji ikasambaratika, kila shimo la kombora likawa dimbwi.

Pa namna hiyo, kuchimba handaki refu kwenda chini ni kujichimbia kisima. Askari walichimba kidogo, kisha wakainua ukuta wa magunia ya udongo. Sakafuni walisimamisha fremu za mbao za umbo la A, kichwa chini miguu juu. Chaga za mbao zililazwa juu ya kile kipande cha katikati, maji yakapita chini yake hadi shimo la kukusanyia, yakavutwa kwa pampu. Kasoro yake ni kwamba ukuta wa mfinyanzi ukilowa huporomoka. Tope hujaza nafasi chini ya chaga, na maji hupanda juu. Kuzibua ilikuwa kazi ya kila usiku.

Miguu ndiyo iliyoumia zaidi, na wala haikuhitaji barafu. Baridi, unyevu na kusimama saa nyingi vilitosha. Mishipa midogo ya damu hujibana, mguu hupauka na kufa ganzi. Ukipata joto huvimba, huwaka kama moto na kutoa malengelenge. Ukipuuzwa, nyama huoza, vidole hukatwa. Amri ilikuwa kuvua viatu, kukausha miguu, kuipaka mafuta ya nyangumi na kubadili soksi kila siku. Askari walipangwa wawili wawili wakaguane, maana mguu wenye ganzi hausemi. Kwa maoni yangu, ukaguzi huo na soksi kavu vilisaidia kuliko mafuta yenyewe. Vitambaa vya sufu vya kuzungushia shavu la mguu navyo, vikikazwa sana, vilizuia damu isishuke.

Katika tope hilo, machela ya majeruhi ya kubebwa na watu wawili ilihitaji hata wanane, wakipokezana. Bunduki nazo zilivishwa kitambaa pale risasi inapoingilia, kwani tope likipenya hapo bolti, yaani chuma kinachofunga nyuma ya risasi, haifungi.