Tulipofumua tuta la ndiva

Ndiva ile, yaani bwawa dogo la umwagiliaji lililozuiwa kwa tuta la udongo, iko juu ya mashamba, kwenye milima ya Upare wilayani Same. Maji ya kijito huingia usiku kucha, alfajiri kizibo kinafunguliwa na wenye zamu wanamwagilia. Mwaka ule ikawa kila asubuhi imejaa nusu tu, na chini ya tuta pamelowa. Wazee walisema ni kaa wa mtoni. Kaa walikuwepo kweli, ila maji yaliyovuja yalikuwa na tope. Yanayovuja meupe unaweza kuyavumilia msimu mzima. Yenye tope yanabeba tuta lenyewe.

Msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, ukaitishwa Agosti, kabla ya vuli. Tulikata tuta kutoka juu hadi kwenye bomba la kutolea maji linalopita chini yake. Bomba lilikuwa zima! Chini yake ndipo palipokuwa na tundu, unaingiza mkono hadi kiwiko. Waliolilaza zamani walifukia kwa udongo mkavu, na chini ya tumbo la bomba hapakushindiliwa kwa kuwa shindilio halifiki.

Bomba jipya, la chuma la inchi 6, tukalilaza juu ya kitanda cha zege kilichopanda hadi nusu ya ubavu wake, pasibaki uwazi chini. Tukalivisha pete tatu za zege, kila moja imetokeza sentimita 40 pande zote, ili maji yanayotaka kulifuata bomba yalazimike kuzunguka. Kipimo: ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, tatu za kokoto. Pete zilifunikwa magunia na kumwagiwa maji wiki nzima.

Kazi kubwa ilikuwa udongo. Ukifinyanga bonge likavunjika vumbi, ni mkavu. Likikuachia tope kiganjani, umezidi maji. Tulijaza mfinyanzi tabaka za sentimita 15, kila tabaka likishindiliwa mpaka kisigino kisiache alama, kisha linakwaruzwa ili la juu lishike. Kingo za mkato hatukuziacha wima. Ukiziacha hivyo, udongo mpya ukishuka unaachana na wa zamani, na ufa unapita moja kwa moja toka ndani hadi nje.

Mfereji haukutusumbua: mteremko wa sentimita 20 kwa mita 100, tukipima kwa mpira wa levo (mpira mwembamba uliojazwa maji), na mawe na saruji penye kichanga tu. Ubishi ulikuwa kwenye utoro wa maji, yaani njia ya kutolea maji yanayozidi ndiva ikijaa. Wengi walitaka uinuliwe ndiva ishike maji zaidi. Ukabaki sentimita 50 chini ya kilele cha tuta, maana tuta la udongo likipitiwa na maji juu halimalizi usiku.

Hatukuijaza kwa pupa. Kwanza theluthi, tukakagua mguu wa tuta asubuhi, pakavu. Kisha nusu. Ilipojaa kabisa, malalamiko yakahamia kwenye zamu: wa mwisho wa mfereji wakidai wa juu wanachelewa kufunga.