Dhana Iliyofichika Katika Swali la Mantiki

Mpwa wangu hapa Lamu anajiandaa kwa LSAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya sheria Marekani, ambao tangu Agosti 2024 hauna tena sehemu ya mafumbo, kwa hiyo uzito wa maswali ya hoja umezidi. Linalomtatiza ni swali linalodai dhana ambayo mtoa hoja ameitegemea bila kuitamka. Nilimtungia hili: “Mwezi huu abiria wa boti za Mokowe wameongezeka, basi kupunguzwa kwa nauli kumefaulu.” Akachagua jibu lisemalo kwamba kila abiria hujali nauli, jibu ambalo, kwa maoni yangu, huvutia kwa ukubwa wake tu. Njia ya kulipima ni kulikanusha na kutazama kama hoja ingali imesimama. Tukisema baadhi ya abiria hawajali nauli, hoja haitikisiki. Tukisema ongezeko lote limeletwa na Maulidi, hoja imekwisha, kwa kuwa ilitegemea kimyakimya kwamba hakuna sababu nyingine iliyotosha kulileta. Majibu yenye “kila” na “kamwe” humshawishi bado, nami humwambia ayashuku, isipokuwa pale hoja yenyewe inapodai makubwa kiasi hicho.