Mali kauli bila karatasi

Wachoraji wenzangu, mwaka juzi niliacha picha 14 za mtindo wa tingatinga kwenye duka moja Mji Mkongwe, mali kauli, yaani nilipwe zikishauzwa. Hatukuandikiana. Mwenye duka mtu mzima, ananiita "mwanangu", nikaona haya kudai karatasi. Masika yakaingia, watalii wakapungua, nami nikakaa kimya. Niliporudi Julai nikakuta 9. Tano "labda vijana waliuza", na mbili kati ya zilizobaki zimepauka kwa kutundikwa mlangoni juani. Ningedai kwa ushahidi gani? Hata kuzipiga picha kwa simu sikuwa nimezipiga!

Siku hizi naenda na daftari la nakala. Kila kazi ina namba nyuma, vipimo, bei yangu na asilimia ya duka, tunasaini wote. Ikipotea au kuharibika mkononi mwa mwenye duka, analipa bei yangu kamili. Na mpaka iuzwe, ni mali yangu. Hilo la mwisho msilidharau: duka jingine lilidaiwa kodi ya pango, mwenye nyumba akataka kushika kila kilichomo. Nilitoa karatasi, nikatoka na picha zangu sita kwapani.

Juzi mwenye duka mmoja kagoma kusaini, eti simwamini. Nikafunga mzigo wangu, nikamuaga, nikaondoka.