Siku moja na miti inayoanza kuamka

Saa 1 asubuhi. Baridi inaisha, na kazi yangu ni kukagua wadudu na magugu katika bustani za watu. Kabla sijagusa mti, nasoma vipimajoto viwili. Cha hewani kinasema jana joto lilipanda hadi nyuzi 18, likashuka hadi 6. Wastani 12, naondoa 10, kiwango ninachohesabu kuwa chini yake wadudu hawakui, zinabaki 2, naziongeza kwenye jumla ya siku zilizopita. Wadudu hukua kwa joto, hawafuati tarehe, kwa hiyo jumla hii ndiyo kalenda yangu. Cha pili nakichomeka udongoni sentimita 5: nyuzi 11. Zikikaribia 13 kwa siku kadhaa mfululizo, mbegu za nyasi za kiangazi, ambazo ni magugu, zitaanza kuota. Dawa ya kuzizuia lazima itangulie, na muda si mwingi: forsithia, kichaka kinachochanua mapema baridi inapoisha, kimeshaanza kutoa maua yake ya manjano.

Saa 2. Mitufaa. Natafuta bangili nyeusi inayong'aa kama imepakwa vanishi, imezunguka kitawi chembamba. Hayo ni mayai ya viwavi wanaofuma mahema, mamia kwa pamoja, na huanguliwa vitumba vinapofunguka. Nimezikata bangili nne kwa makasi. Basi, imekwisha.

Saa 3:30. Mireteni, jamii ya misonobari isiyopukutisha majani. Nashika karatasi nyeupe chini ya tawi na kuligonga mara tatu. Vinukta vinaanguka, kisha vinatembea. Utitiri huu hupenda ubaridi; hunyonya sasa, na madhara huonekana kiangazi, majani yanapogeuka rangi ya shaba. Wanaotambaa polepole ni walaji wa mti. Wanaokimbia, mara nyingi, ni wawindaji wao. Leo nimehesabu 6 wa polepole na 9 wa mbio. Mwenye bustani alitaka nipulizie dawa kila kitu. Nikampa lenzi. "Mzee, hawa wa mbio ndio askari wako." Akainama kwa muda mrefu. "Kumbe wanakulana!" Hatukupulizia.

Saa 5. Vichaka vya euonimasi, na hapa moyo umeniuma. Shina limefunikwa wadudu magamba. Gamba peke yake halisemi kitu, kwani mdudu aliyekufa hubaki amegandia palepale. Nainua moja moja kwa ncha ya pini: kukiwa kukavu, amekufa, kukiwa na majimaji, yu hai. Kati ya 20, hai ni 14. Nimekata matawi yaliyozidiwa. Yaliyobaki yanahitaji mafuta ya bustani, yanayowaziba pumzi, kabla vitumba havijafunguka, na yapulizwe siku isiyo na baridi ya kugandisha.

Saa 8 mchana. Magugu. Yale madogo yenye maua meupe yaliota kabla ya baridi kali, na maganda yake yakikomaa hupasuka na kurusha mbegu mbali. Nimeyang'oa yakiwa bado na maua. Matandazo yalirundikwa hadi kwenye shina la mti mmoja. Nimeyavuta nyuma, maana gome lisilokauka huoza. Unene wa sentimita 5 hadi 8 unatosha.

Saa 10 jioni. Nimeandika hesabu zote daftarini na kufunga utepe mwekundu kwenye euonimasi. Kesho kutwa hakutaganda. Nitarudi na bomba la kupulizia.