Ncha ya Domo la Anhanguera

Jioni ya leo nimerudi tena kwenye mchoro wa fuvu la Anhanguera blittersdorffi, mmoja wa terosauri, yaani watambaazi wa kale walioruka kwa mabawa, mchoro ambao umekuwa mbele yangu wiki nzima, na sasa ninaelewa kwa nini wataalamu wamebishana miaka mingi juu ya kipande kidogo cha mfupa kilichoko mbele kabisa ya domo lake. Zamani nilikuwa nikiruka kurasa za uainishaji wa terosauri ili nifikie haraka habari za mabawa. Nimejutia haraka hiyo.

Mabishano yalianzia Uingereza. Katika karne ya 19, watu waliochimba fosfati ya kutengenezea mbolea karibu na Cambridge walifukua mifupa mingi ya terosauri, karibu yote ikiwa vipande vilivyosuguliwa na maji kabla ya kufukiwa upya, na mwaka 1869 Harry Seeley akatoa jina Ornithocheirus, maana yake mkono wa ndege. Spishi baada ya spishi ziliwekwa chini ya jina hilo, nyingine zikitambulishwa kwa ncha ya domo peke yake, hata jina likabeba mizigo isiyo yake. Taissa Rodrigues na Alexander Kellner walipoyapitia upya masalia hayo mwaka 2013, waliliachia spishi moja tu, Ornithocheirus simus. Simlaumu Seeley hata kidogo, kwa sababu aliufanyia kazi mfupa aliokuwa nao mkononi.

Anhanguera alibahatika kuhifadhiwa vizuri zaidi. Alitoka katika mawe ya chokaa ya Araripe, kaskazini-mashariki mwa Brazili, ambamo mifupa ya wanyama wa kipindi cha Kretasia, wa miaka ipatayo milioni 110 iliyopita, imebaki na umbo lake bila kubanwa ikawa bapa. Mwaka 1985 Campos na Kellner walimweleza kwa kutumia fuvu, na jina wakalichukua katika lugha ya Kitupi, likiwa na maana ya shetani mzee. Hapo ndipo ncha ya domo ilipoweza kusomwa pamoja na sehemu nyingine za kichwa. Meno ya mbele ni makubwa na domo limepanuka kidogo kuyabeba, kama kichwa cha kijiko. Jino la tano na la sita ni madogo kuliko la nne na la saba. Na kishungi cha mfupa juu ya domo huanza nyuma kidogo ya ncha, ilhali kwa Tropeognathus, jamaa yake kutoka miamba hiyohiyo, huanza kwenye ncha yenyewe. Kwa tofauti ndogo kama hizi jenasi mbili, yaani makundi mawili ya spishi zinazokaribiana, hutenganishwa.

Kinachonigusa zaidi ni kwamba sehemu hiyohiyo inayotumika kumpa mnyama jina ndiyo iliyomlisha. Meno marefu yaliyochongoka, yanayopishana domo linapofungwa, hayafai kutafuna wala kukata nyama. Yanafaa kumshika samaki anayeteleza asichopoke. Mwili uliobaki unaelekea kusudi moja na domo hilo: mifupa yenye uwazi wa hewa ndani na kuta nyembamba sana, kidole cha nne kilichorefuka kushikilia utando wa bawa, pingili za mgongo zilizoungana kuwa mhimili ambao mfupa wa bega uliegemea, na miguu midogo kwa mnyama ambaye mabawa yake yalienea takribani mita nne.

Mwaka 2003, Lawrence Witmer na wenzake walipiga picha za eksirei za tabaka kwa tabaka kuona nafasi iliyokaliwa na ubongo. Waliikuta sehemu ya ubongo inayosaidia kutuliza macho wakati kichwa na mwili vinapogeuka ikiwa kubwa mno, na mifereji ya sikio la ndani iliwaonyesha kwamba Anhanguera huenda alikibeba kichwa kikiwa kimeinamia chini. Nilipousoma utafiti huo niliuinamisha mchoro wangu mezani, na meno yale ya mbele, ambayo mpaka hapo nilikuwa nikiyahesabu tu, yakaelekea majini.

Domo la chini bado sijalichora. Nalo lina kishungi chake, kifupi zaidi, na kesho nitaanzia hapo.