Kuchungulia hamira: kumbukumbu ya mradi wangu wa jikoni

Jumamosi

Hadubini nimeinunua mkononi kwa kijana aliyemaliza chuo. Lenzi yake kubwa ina mkwaruzo pembeni, lakini inafika mara 400, na hapo seli ya hamira inaonekana kama punje ya ulezi. Hamira yenyewe ni ya maandazi, nimechota kijiko kwenye kopo la mke wangu kabla hajaamka.

Swali ninalolifukuzia ni moja: seli inajuaje kwamba imemaliza kunakili DNA yake, yaani maandishi yake ya urithi, ndipo ijigawe? Hamira ina kromosomu 16 (nyuzi zinazobeba DNA), na jumla ya herufi ni kama milioni 12. Ikijigawa nakala ikiwa nusu, mama na mtoto wote wameharibikiwa.

DNA siwezi kuiona na kifaa changu. Ila hamira ina bahati nzuri kwa masikini kama mimi: saa yake iko nje ya mwili. Seli isiyo na chipukizi bado haijaanza kunakili. Chipukizi dogo kama kichwa cha pini, kunakili kumeanza. Chipukizi kubwa linalokaribia kumfikia mama yake, kunakili kumekwisha na kromosomu ziko njiani kugawanywa. Mpwa wangu wa kidato cha sita alipochungulia akauliza, "Mjomba, huyu ana mimba?" Nikamwambia ndiyo, na sisi ni wakunga.

Mwanasayansi Mmarekani Leland Hartwell aliisoma saa hiyo hiyo kule Seattle. Alitafuta hamira zenye jeni mbovu ambazo kwenye joto la nyuzi 23 zinakua vizuri, lakini ukizipandisha hadi 36 zinakwama. Zilizomvutia ni zile zinazokwama zote na sura moja: zote hazina chipukizi, au zote zina chipukizi kubwa. Sura hiyo ilimwonyesha kazi imekatikia wapi. Mwaka 2001 alipewa tuzo ya Nobel pamoja na Paul Nurse na Tim Hunt.

Jumatatu

Nimezishindisha hamira na njaa siku mbili kwenye maji matupu. Nimehesabu seli 100: 94 hazina chipukizi. Ndivyo inavyotakiwa. Hamira ikikosa chakula haisimami popote tu, inamalizia ilichoanza kisha inakaa mlangoni, kabla ya kunakili. Mlango huo Hartwell aliuita "mwanzo", na jeni inayoufungua ni CDC28. Ukishauvuka, hakuna kurudi.

Nikazipa maji ya sukari. Baada ya saa tatu povu limejaa mpaka ukingoni, nikafurahi. Kuhesabu: 88 bado hazina chipukizi! Nilikaa pale najiona mjinga.

Jumanne

Kosa ni langu. Sukari inatoa nguvu na povu, lakini seli haiwezi kujenga mwili kwa sukari peke yake. Inahitaji naitrojeni, na bila hiyo haikui kufikia kimo cha kuvuka mlango. Leo nimechemsha viazi, nikachuja maji yake, nikatia sukari kidogo, nikaacha yapoe. Baada ya saa mbili: 58 hazina kitu, 31 zina chipukizi dogo, 11 kubwa. Mpwa ameshika kalamu, mimi jicho. Tumegombana mara tatu kuhusu "dogo" linaishia wapi na "kubwa" linaanzia wapi. Tumekubaliana: likifika nusu ya upana wa mama, ni kubwa.

Alhamisi usiku

Mke wangu anauliza: hiyo DNA inakatazwaje isinakiliwe mara mbili? Swali zuri kuliko langu. Maana hamira haianzii kunakili sehemu moja. Ina vituo kama 400 vya kuanzia, na hakuna hata kimoja kinachotakiwa kuanza tena kabla ya seli kugawanyika.

Nimemweleza kwa kadi za harusi. Kadi zinagawiwa kabla ya siku yenyewe. Ndivyo seli inavyofanya ikiwa bado haijachipua: kila kituo kinavalishwa pete za protini ziitwazo Mcm, hiyo ndiyo kadi yake. Siku ikifika, mlinzi anasimama mlangoni, naye ni Cdc28, protini inayotengenezwa na ile jeni CDC28, pamoja na protini wenzake ziitwazo saiklini. Anaruhusu walio na kadi kuingia, na kadi inachanwa pale pale. Utamu uko hapa: mlinzi huyo huyo anazuia kadi mpya zisigawiwe muda wote akiwa zamu. Hadi kromosomu zigawanywe na saiklini ziharibiwe, ndipo zamu inakwisha na kadi zinaanza kuchapwa upya. Akasema, "Basi mlinzi wenu ana akili kuliko wa kwenye harusi ya dada yako." Sikubisha.

Jumapili

Nimekwenda kutafuta hamira ya pili, ile yenye jina letu. Mwaka 1893 Mjerumani Paul Lindner alieleza hamira iliyotoka kwenye pombe ya nafaka ya Afrika Mashariki, akaiita *Schizosaccharomyces pombe*. Neno la kilabuni limeingia maabara za dunia nzima, na wengi wanaolitamka hawajawahi kuonja komoni.

Hiyo haichipui. Ni kama kidonge kirefu, inarefuka mpaka karibu mikroni 14 kisha inajikata katikati. Paul Nurse aliisomea Edinburgh miaka ya 1970, akakuta baadhi zinajikata zikiwa bado fupi. Jeni yao mbovu ikaitwa wee1, kwa neno la Waskoti la "kadogo". Kumbe kazi ya Wee1, protini ya jeni hiyo, ni breki: inamshika yule mlinzi, ambaye huku anaitwa Cdc2, na DNA ikiwa haijaisha kunakiliwa breki haiachiwi. Mwaka 1987 Nurse na Melanie Lee walionyesha kwamba jeni ya binadamu inaweza kushika nafasi ya cdc2 iliyoharibika, na hamira ikaendelea kujigawa.

Kwenye chupa yangu ya mnazi nimeona seli za mviringo zenye machipukizi, na vijiti vyembamba mno ambavyo ni bakteria tu. Vidonge sikuvipata. Chupa iko kwenye friji, imeandikwa USINYWE.

Jumatano

Jaribio la breki. Mwaka 1988 Ted Weinert na Hartwell walipiga hamira eksirei ili kuharibu DNA yake; zenye afya zilisimama na chipukizi kubwa zikarekebisha DNA kwanza, lakini zilizokosa jeni ya RAD9 ziliendelea kujigawa zikafa. Kusubiri kumbe ni kazi yenye mfanyakazi wake.

Mimi nina jua, nalo huharibu DNA. Sahani mbili za hamira zinazokua, moja wazi, moja nimeifunika foili, dakika 20 saa sita mchana. Baada ya saa moja na nusu kivulini: ya jua ina machipukizi makubwa 41 kati ya 100, ya foili 24. Nikaruka. Kisha nikagusa sahani ya jua: inaunguza. Ya foili ni ya uvuguvugu tu. Sasa sijui nimepima mwanga au joto.

Jumamosi

Nimepata beseni pana. Sahani zote mbili zitaelea kwenye maji baridi, mpwa atabadilisha maji kila dakika tano. Viazi vimeshachemshwa, hamira zinachipua tangu saa tatu asubuhi. Saa tano wingu likafunga, na sasa inanyesha.