Na posho ya kikao ataila nani?

Masika yakikaribia, hoteli ninayofanyia kazi huku Kiwengwa, Zanzibar, hubandika karatasi pale kwenye mashine ya kuchapia kidole: nani anabaki, nani anakwenda likizo bila malipo. Mwaka huu nikasema kwenye kikao cha tawi la chama cha wafanyakazi, kwa nini na sisi tusiwe na mtu wetu kwenye bodi ya hoteli? Wakacheka. Bi mkubwa mmoja wa dobi akaniambia, "Mwanangu, huyo mtu wenu akishaonja posho ya kikao, mtamwona tena?"

Suali la haki kabisa, nikenda kulitafutia jibu Ujerumani. Kule walianza 1951, kwenye migodi ya makaa ya mawe na viwanda vya chuma. Sheria ya 1976 ikaongeza: kampuni ikiwa na wafanyakazi zaidi ya 2,000, nusu ya viti vya bodi ya usimamizi, ile inayowasimamia wakurugenzi, ni vyao. Ikizidi 500 tu, thuluthi. Lakini hiyo nusu isikudanganye. Kura zikifungana, mwenyekiti ana kura ya pili, na mwenyekiti kwa kawaida ni wa wenye hisa.

Sasa posho. Vyama vya DGB, shirikisho la vyama vya wafanyakazi la kule, humtaka mwakilishi wao atoe sehemu kubwa ya malipo yake ya ubodi, na nyingi huingia kwenye wakfu wa Hans-Böckler, ambao miongoni mwa kazi zake ni kuwalipia vijana masomo ya chuo kikuu. Hapo bi mkubwa alitikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akanibana upande mwengine: "Na yanayosemwa ndani, atatwambia?"

Yote hawezi. Sheria inamfunga kutunza siri za kampuni kama mjumbe yeyote. Kwa hiyo pengine karatasi bado tungeisoma ubaoni, ila kuna mmoja wetu angekuwa ameshauliza, hesabu ziko mbele yake, kwa nini wapunguzwe wa vyumbani na si wa ofisini. Kwangu mimi hilo pekee linatosha.

Hoteli yetu kwa Ujerumani isingefika hata kizingiti cha thuluthi. Sweden ingepita: wafanyakazi 25 na mkataba wa hali bora na chama, basi wanapata viti viwili. Ninachokiogopa ni cha Waingereza. Theresa May, aliyekuwa waziri mkuu wao, aliahidi wafanyakazi kwenye bodi 2016. Mwongozo wao wa 2018 wa uendeshaji wa kampuni ukaziachia kampuni zichague, na mojawapo ya njia ni kumpa mkurugenzi aliyepo kazi ya kutusikiliza. Ya namna hiyo hapa ingeishia kwenye picha ya pamoja na soda.

Kikao kijacho nitaomba dogo: kabla ya karatasi kubandikwa, mmoja wetu aoneshwe idadi ya wageni waliokwisha kuweka vyumba vya Aprili na Mei. Bi mkubwa kasema ataniunga mkono, kwa sharti mtu huyo asiwe mimi.